Roboti Mwekundu wa Mwalimu

Mwalimu hakugusa pedi ya gemu kabla ya kunawa mikono. Alikuja na kichupa cha maji na kipande cha sabuni ndani ya mkoba, akanawa pale nje ya banda langu, akajifuta kwa ncha ya khanga, halafu akaingia ameinua vidole juu kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Watoto waliokuwa ndani walijikuta wanaficha mikono yao nyuma. Na mimi mwenye banda, mama mzima wa watoto watatu, nilikuwa naficha yangu.

Kwao hasa ni wapi na babu yake alikuwa nani, msiniulize mimi. Ni Mnyamwezi, hilo alikutangazia mwenyewe kabla hujamkaribisha kiti. Alinifundisha darasa la tatu hapahapa Bagamoyo, akanichapa kwa ajili ya jedwali la saba, nikakua, nikaolewa, nikaachika, nikafungua banda la gemu jirani na soko, na siku moja namwona huyo mlangoni, amestaafu, amesimama vilevile alivyokuwa akisimama mlangoni mwa darasa. Nikanyanyuka na kusema shikamoo kwa sauti ya kwaya. Watoto nao wakanyanyuka, runinga zote zikaachwa zinajichezea zenyewe.

Alikuwa amekuja kumtoa mwanafunzi wake wa tuisheni. Yule mtoto akaomba amalizie shimo moja tu. Mwalimu akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, akamwangalia akitumbukia mara nne kwenye shimo lilelile. Mara ya tano uvumilivu ukamwishia, akamwambia anaruka kabla ya kuhesabu. Ahesabu moja, mbili, ndipo aruke. Mtoto akahesabu, akaruka, akavuka. Mwalimu akavuta benchi. Tuisheni siku hiyo haikuwepo, kesho yake haikuwepo pia, na wazazi walipoanza kuuliza aliwajibu kwamba anawafundisha watoto hesabu kwa vitendo.

Gemu yenyewe niliinunua imo kwenye mfuko wa nailoni, haina kasha, na maandishi yake yote ni ya huko Mashariki ya mbali, mtu wa kuyasoma Bagamoyo nzima hayupo. Kabla ya Mwalimu tulikuwa tunabonyeza tu. Yeye alikaa akazitazama picha za mwanzo mara tatu, kisha akatusomea hadithi. Kuna roboti wawili, mwekundu na wa buluu, na kila mmoja anajiona yeye ndiye shujaa wa mji. Siku moja wako juu ya paa wanapigana, na wakati wanapigana linakuja dude la chuma lenye mikono minane na jicho moja, linaung'oa mji wote nyuma ya migongo yao na kuondoka nao. Wanageuka, mji hakuna. Sasa wanalazimika kulifuata pamoja, kuruka mashimo, kupanda kuta, kupita katikati ya mapanga yanayozunguka, mpaka kwenye ngome yake, na mlango wa mwisho haufunguki mpaka wote wawili wasimame mbele yake.

Tatizo ni kwamba hawajapatana. Risasi ya mmoja inamuunguza mwenzake vilevile inavyomuunguza adui. Ukimpiga mwenzako teke pembeni ya shimo, anakwenda. Na roho zako zikikuishia, unabonyeza kitufe kimoja unachukua roho ya mwenzako bila kumwomba. Mwalimu alipogundua kitufe hicho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema hawa wenye gemu hii lazima ni watani.

Lile dude alilipa jina la Mkaguzi. Alisema miaka yake yote ya ualimu wakaguzi walimjia hivyohivyo, bila taarifa, wana mikono mingi, na wanatazama kwa jicho moja tu, lile la kutafuta makosa. Jina likashika. Hadi leo kuna watoto wa mtaa wetu ambao ukiwaambia mkaguzi anakuja shuleni wanatafuta pa kujificha wasichomwe moto.

Mwanzoni alicheza na hao watoto, na hilo lilimkera kuliko kitu chochote. Walimwogopa. Roboti wake akisogea, wao wanampisha. Akikosa roho, wanampa zao kwa mikono miwili. Mtoto mmoja alimpiga teke kwa bahati mbaya akaanza kulia na kuomba msamaha. Mwalimu alisema hawezi kucheza na watu wanaomhurumia, hiyo siyo gemu, hiyo ni sadaka. Akatoka nje, akasimama kwenye baraza la jirani yangu fundi cherehani, akamwambia aache hayo magauni yake yasiyovalika aingie ndani akaonyeshwe kazi.

Fundi ni Mzaramo. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo sina haja ya kuwaelezeni, ila hawa wawili walikuwa wameuzidisha. Asubuhi salamu yao ilikuwa Fundi kumuuliza kama bado hajafa, na Mwalimu kujibu kwamba anamsubiri yeye atangulie ili ale pilau ya hitima. Fundi alikuwa akimwita mpagazi, akimuuliza wenzake walishusha mizigo hapa Bagamoyo wakarudi kwao, yeye kabaki anafanya nini. Mwalimu alijibu kwamba alibaki kuwafundisha wenyeji kusoma, na kwa Fundi kazi bado haijaisha.

Hayo ni ya mdomo. Ya vitendo ndiyo yalikuwa balaa. Fundi alichukua mwavuli wake mwanzo wa masika akautumia hadi mvua zilipokatika. Mwalimu naye aliingia nyumbani kwa Fundi mchana kweupe, akakamata jogoo, akampika, kisha akamwalika Fundi na mkewe wakamle. Alipofariki kaka yake Fundi, Mwalimu alijilaza chini mbele ya jeneza, akasema halitoki mpaka apewe soda mbili za baridi, kwa kuwa marehemu alikuwa mchoyo na leo lazima amalize deni. Nilikuwepo. Wageni kutoka Chalinze walitumbua macho. Fundi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, machozi yanamwingia mdomoni, na aliniambia baadaye kwamba siku ile bila Mwalimu angeanguka.

Sasa hebu wape watu hao roboti wawili. Mwekundu wa Mwalimu, wa buluu wa Fundi, kila alasiri baada ya Fundi kufunga cherehani. Gemu ile haina pa kuhifadhi ulipofika, kila ukiwasha unaanzia shimo la kwanza. Mtu mwenye akili zake na mwenzake mwenye akili wanaweza kumfikia Mkaguzi kabla chai haijapoa. Hawa walifika mlangoni kwake mara mbili tu katika miaka yote, na mara zote mbili walianza kupigana nani atangulie kuingia, wakauana palepale. Mkaguzi ndani hata habari hana.

Mwalimu alikuwa mtu wa ukweli. Mtoto akimdanganya hata kitu kidogo atamweka chini na kumsomea mpaka mtoto aombe afadhali fimbo. Lakini katika gemu ile aliiba roho za Fundi wazi wazi, akimwonyesha mtu anayepita barabarani ili Fundi ageuke. Siku za sala ya jumuiya aliwaambia wanajumuiya wenzake kwamba ana mgonjwa wa kumwangalia. Nilimuuliza mgonjwa nani. Akanijibu kwamba roboti wake jana aliungua vibaya.

Kushindwa hakukujua. Pedi ilikuwa nzito, benchi lilikuwa limeinama, mwanga uliingia vibaya. Siku moja alidai umeme wenyewe unaegemea upande wa Wazaramo. Na alitoa maksi. Kila mtoto aliyecheza mbele yake alipewa karatasi yenye maoni. Mmoja aliandikiwa kwamba anaruka vizuri ila hana subira. Mwingine aliandikiwa kwamba roboti wake ni mchafu wa tabia. Mama wa huyo alikuja kwangu amefura, anataka kujua mwanawe ana roboti gani na amemtoa wapi.

Ya macho aliniambia mimi peke yangu. Tulikuwa tunapanga mabenchi, akaniambia bila kuacha kupanga kwamba ana presha ya macho, la kushoto limekwisha zamani, na la kulia linajifunga kidogo kidogo kuanzia pembeni. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hospitali wamemwambia dawa inachelewesha, hairudishi. Nilikaa chini. Yeye hakukaa.

"Nataka kuona Mkaguzi akifa kunatokea nini," aliniambia. "Kama mji unarudi au haurudi. Sijawahi kuacha kitabu cha mafunzo bila kukimaliza. Na nataka nione mwenyewe, nisisimuliwe."

Kisha akanikataza kumwambia Fundi. Nilimwitikia. Wallahi nilimwitikia kwa nia safi kabisa.

Nikakaa nalo siku nne. Siku ya tano namwona Fundi anampiga roboti mwekundu teke shimoni mara ya sita, anacheka, na Mwalimu anageuza kichwa huku na huku kulitafuta shimo ambalo mimi najua halioni. Roho ikaniuma. Alipoondoka nikamfuata Fundi barazani nikamwambia yote. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana, hata usingizi wa siku ile nilioupata ulikuwa mtamu. Mjinga mimi.

Kesho yake Fundi alikuja na adabu. Sikuwahi kumwona na adabu kabla ya hapo na sitaki kumwona nayo tena. Alimwamkia Mwalimu vizuri, akamuulizia hali, akafuta benchi kwa kitambaa. Katika gemu roboti wa buluu alisimama pembezoni mwa kila shimo kumsubiri mwekundu. Risasi zikija, anajitia mbele ziungue yeye. Fundi akawa anasema tangulia Mwalimu, chukua roho yangu Mwalimu, mimi ninazo za kutosha. Watoto walikaa kama wako msibani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, wakiwa wamefika mbali kuliko kawaida yao, Mwalimu akaweka pedi chini na kuuliza ni nani aliyemwambia.

Fundi alinitazama. Mimi nikatazama feni. Mwalimu hakugomba, na afadhali angegomba. Alimuaga kila mtu kwa jina, akatushukuru, akachukua mkoba wake akatoka. Hakurudi.

Nilimfuata kwake kuomba radhi. Nilimkuta anafunga vyombo, binti yake amekuja kumchukua akakae naye Kerege. Alinisamehe haraka, alisema mimi tangu darasa la tatu siwezi kukaa na kitu mdomoni. Aliyemuuma ni Fundi.

"Siku nikifa, yule anatakiwa aje alale mbele ya jeneza langu anicheke," alisema. "Ndiyo kazi yake, nani mwingine ataifanya? Sasa jicho tu limemshinda. Kanifanya mgonjwa kabla sijaumwa."

Nilimpelekea Fundi maneno hayo kama yalivyo. Aliendelea kushona bila kuinua uso. Mwisho akaniambia kwamba kusema ni rahisi. Alisema alijaribu ile siku ya pili, akamweka roboti wake vizuri kabisa nyuma ya yule mwekundu, shimo hili hapa, kidole kiko juu ya kitufe, na kidole kikakataa. Aliniuliza unampigaje teke mtu asiyeona. Alirudia mshono ule ule mara mbili, akaufumua.

Tukakaa hivyo masika nzima. Watoto walicheza na roboti mwekundu kwa zamu, wakimshika kwa heshima kama kitu cha kuazima. Kisha binti wa Mwalimu akanipigia simu. Mama anaona kidogo sana sasa, alisema, na kila siku anaulizia ile gemu, kama ningeweza kuipeleka hata mara moja. Nilichomoa mashine, nikaifunga ndani ya kitenge, nikaenda kwa Fundi, nikamwambia funga cherehani.

Kerege tulimkuta ukumbini, kwenye kiti, kakonda kidogo, khanga zake safi kama siku zote. Nilikuwa nimeomba njia nzima Fundi aingie na tusi lake la kawaida. Wapi. Alikuwa amebeba machungwa. Machungwa, ya kumwonea mgonjwa! Akampa pole, akamwombea dua ya shifaa, akakaa pembeni ya kiti magoti yamebanana. Mwalimu alisema asante kwa kuja, akaulizia familia. Nilitamani nichukue lile furushi la machungwa nimpige nalo.

Binti akaleta beseni la maji, Mwalimu akanawa. Nikaunganisha mashine kwenye runinga yao, kiti chake tukakisogeza hadi pua inakaribia kioo. Wakaanza. Na nimeona watu wakicheza gemu ile miaka mingi, lakini sijaona ikichezwa vile. Mwalimu alizungusha kichwa kumfuata roboti wake katika kile kiduara alichobakiwa nacho, akihesabu kwa mdomo, moja, mbili, na Fundi akimwambia shimo kushoto, ukuta mbele, sasa ruka. Wa buluu alimkinga, akamsubiri, akampa roho. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Hatua zote zikapita. Mlango wa mwisho ukafunguka, wakaingia pamoja, na Mkaguzi huyo hapo na mikono yake minane.

Mkono wa kwanza ukakatika, wa pili, wa tano. Binti alikuwa amesimama na mwiko wake, wali unaungua jikoni. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio. Mkaguzi akabaki na jicho tu, tena linawakawaka kuonyesha kwamba bado pigo moja. Pigo moja Mwalimu aone alichokuwa anakitaka. Nilimtazama usoni nikitegemea furaha, nikakuta uso wa mtu aliyekaa kwenye foleni ya zahanati. Akageukia upande wa Fundi.

"Asante sana, Fundi," alisema.

Katika miaka yote ile hakuwahi kumshukuru. Mwavuli aliwahi kunyang'anywa, jogoo aliwahi kumnyang'anya, asante haikuwahi kupita kati yao. Fundi aliganda. Alinitazama mimi, akatazama yale machungwa mezani, akarudi kwenye kioo. Nyuma ya roboti mwekundu kulikuwa na shimo. Nikaona roboti wa buluu anatoka mbele ya Mkaguzi, anazunguka polepole, anasimama, anainua mguu.

Mwekundu akaenda. Mkaguzi hakuchelewa, akamchoma wa buluu palepale aliposimama. Kioo kikawa cheusi, ukaja muziki wa kushindwa, na picha ya kwanza ikarudi, wale wawili juu ya paa wanapigana. Jicho lililobakia na tumaini lililobakia, Fundi kayatupa shimoni. Nilinyanyuka. Sikumbuki nilitaka kumfanya nini lakini mkono wangu ulikuwa umeshainuka.

Mwalimu alikuwa bado ameshika pedi kwa mikono miwili.

"Nimeanguka," aliuliza, "au umenisukuma?"

Ingekuwa rahisi kusema ameanguka. Mimi ningesema ameanguka.

"Nimekupiga teke," alisema.

"Kwa bahati mbaya?"

"Bahati mbaya ya nini? Kwa makusudi, na nilikuwa nalisubiri tangu asubuhi. Mwanamke hata shimo lenye ukubwa wa Kerege nzima huoni, unataka kuokoa mji."

Binti akaachia mwiko. Mimi nikafumba macho. Nilichokisikia kwanza nilidhani ni kikohozi, kumbe ni Mwalimu anacheka, anacheka hadi kashika mbavu, hadi anamwomba Mungu amhurumie, na Fundi anacheka naye huku kamasi zinamtoka, watu wazima wawili wanaangukiana mabegani mbele ya runinga. Alipopata pumzi alimwita majina ambayo siwezi kuyaandika na mengine ambayo sikuwahi kujua mwalimu wangu anayajua. Alimwambia machungwa yake arudi nayo, ampelekee mgonjwa.

Nikamwambia Mwalimu, kwa sauti ya chini, kwamba lilibaki pigo moja tu. Akanikata.

"Nyamaza wewe. Washa upya," alisema. Kisha akamgeukia Fundi, akamwamuru aje karibu zaidi, hapo mbele ya jicho, kwa sababu kama leo anakwenda kumuua mtu anataka kumwona vizuri.